Mgeni Asiyevua Buti

Kaeni chini kwanza, wajukuu zangu. Haya ninayoandika hayasomwi na mtu aliyesimama, na simu ilazeni kifudifudi, haitakufa.

Nasikia wengi wenu mmemaliza ile kozi fupi na sasa mnaingia kwenye kazi niliyoiacha mimi, kazi ya kulea wazee wa watu. Vizuri. Mimi niliingia na darasa la nne langu la Machame na Kiingereza cha kuombea maji. Nimewaogesha wazee wa Minnesota mpaka magoti yakaniambia basi. Cheti sina, nina mgongo. Ila kuna jambo la kazi hii ambalo hakuna aliyewafundisha, na hata mimi nililijua nusu tu mpaka Majilio ya mwaka jana, pale kanisa zima la wauguzi liliposhindwa kumtembelea mgonjwa mmoja.

Nikisema kanisa la wauguzi sitii chumvi. Mnatujua. Tunasali Jumapili mchana, Wazungu wenye jengo wakishamaliza kahawa yao. Mtu akizirai katikati ya wimbo wa pili, mikono yake yote miwili itagombewa na watu wa kupima mapigo. Asiye na kazi ya hospitali pale ni mchungaji, naye mkewe ni nesi.

Sasa Majilio ni kungoja. Mchungaji hufundisha hivyo kila mwaka: watu watulie, watafakari, wahudumie wenye shida, washirikiane. Sisi tukisikia hivyo tunaunda kamati. Mwaka jana kulikuwa na Kamati ya Tafakari, na hiyo ndiyo iliyokuwa na kelele kuliko zote. Walikutana, wakagombana kuhusu sare. Viliagizwa vitenge vya zambarau, rangi ya Majilio, vikafika vya buluu, na wiki nzima kundi letu la WhatsApp halikutafakari kitu kingine. Mwanamke mmoja aliandika kwamba buluu ikikaa mbali kidogo ni zambarau. Mwingine akamjibu kwamba basi na yeye akae mbali.

Mishumaa ni minne, jumuiya ni tatu, kila moja na jina la mji inakoishi. Ikaamuliwa Apple Valley wawashe wa kwanza, Plymouth wa pili, Maple Grove wa tatu, na wa nne tuuwashe wote pamoja. Kila jumuiya ikishawasha mshumaa wake, itoke ikafanye huduma. Huduma ya nani? Zote tatu zikachagua mtu mmoja, Mama Nabintu wa Saint Paul, maana ndiye mgonjwa tuliyekuwa naye.

Mama Nabintu ni Mkongo wa Bukavu. Amekaa kambi ya wakimbizi miaka kabla ya kuletwa huku pamoja na mwanawe, Espoir. Baridi ya kabla ya Majilio hayo aliteleza kwenye barafu nje ya jengo lao akavunjika nyonga. Daktari akasema mfupa umeunga. Mfupa uliunga kweli, mwenye mfupa ndiye aliyekataa. Alikaa kwenye kiti cha dirishani akaacha kusimama, na Majilio yalipokaribia akaacha na kula. Ana kisukari, anachomwa sindano, na mtu wa sindano asipokula, ninyi mliosoma mnajua kinachofuata, sukari inayumba mpaka mtu anazimia.

Espoir anapanga vifurushi kwenye ghala kubwa, anatoka asubuhi na kurudi jioni. Ni mtoto mwema. Alikuwa amepata nafasi ya mama yake kwenye nyumba ya wazee, na wenye nyumba walitaka jibu kabla ya Krismasi. Aliniambia hivyo jikoni kwao, maji ya bomba yakiwa yanamwagika ili mama asisikie.

Mimi sizitukani nyumba hizo. Zimenilisha. Kuna joto, kuna supu, kuna mtu wa kukugeuza usiote vidonda. Lakini nimeona pia mzee asiye na lugha anavyokuwa humo. Mama Nabintu ana Kiswahili, Kimashi na Kifaransa kidogo. Kiingereza hana hata cha kukataa chakula. Mtu wa hivyo hunyamaza mwezi wa kwanza, na mwezi wa pili watu wa shifti wanaandika kwamba akili imepotea. Akili haijapotea. Imekosa wa kuongea naye, ikajilalia.

Ngojeni niwape habari ya Kwamboka, nitarudi.

Kwamboka alikuwa Mkisii mnene mwenye kicheko cha kuangusha vikombe, na ndiye aliyenifundisha kazi. Wiki yangu ya kwanza niliwaamkia wale wazee wa Kizungu kama nilivyolelewa, macho chini na goti limekunjwa. Bibi mmoja akamwambia msimamizi kwamba huyu mpya ameiba kitu, hawezi kunitazama. Nikaitwa ofisini. Kwamboka akanivuta pembeni, akaniambia huku heshima inakaa machoni, kwa hiyo nimtazame mtu kama ninamjua. Ilinichukua muda. Kumtazama mkubwa usoni ilikuwa kama kumvua nguo, na kumvua nguo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, kwa hiyo nikazoea yote mawili.

Halafu kulikuwa na mzee aliyekuwa mkulima, asiyefungua mdomo. Nilisimama na kijiko mbele yake, nikambembeleza, nikamfanyia kijiko ndege, wapi. Kwamboka akaninyang'anya bakuli, akavuta kiti, akakaa chini kabisa, chini ya macho ya yule mzee, akaanza kutazama dirishani kama mtu asiye na shughuli duniani. Tulingoja. Chakula kikapoa. Mwisho mzee akafungua mdomo mwenyewe. Kwamboka akaniambia maneno haya, yaandikeni popote mnapoandika vitu: "Mtu hali chakula cha anayeondoka."

Siku hizi mna mashine za kumnyanyua mtu kitandani, na simu inayowapigia kelele mkikaa chumba kimoja sana. Mashine ni nzuri, mgongo wangu ungeipenda. Simu ile ningeitia kwenye maji ya mopu.

Haya. Apple Valley ndio waliotangulia kwa Mama Nabintu. Mimi sikuwapo, niliona picha tu. Wamesimama wote kwenye kile kizulia cha mlangoni, wamebanana kama njiti za kiberiti, makoti yamefungwa mpaka kidevuni, buti miguuni. Nyuma yao, mbali, kwenye kiti cha dirishani, kuna kichwa kidogo cha mtu. Hicho kichwa ndicho mgonjwa.

Nikafikiri labda picha imewapunja. Jumapili iliyofuata nikaenda na jumuiya yangu ya Plymouth, nikaona kwa macho. Mnajua desturi: nyumbani kwa mtu huingii na viatu. Na mnajua buti za nchi hii, kamba juu ya kamba, na ukizivua lazima uzivae tena. Sasa Wakristo wamepata njia. Wanasimama kwenye kizulia. Kizulia si nje, kwa hiyo wametembelea. Kizulia si ndani, kwa hiyo hawavui. Kutoka hapo wakaimba ubeti mmoja, wakasoma mstari, wakamwombea mgonjwa apate nguvu za kusimama. Mimi nilikuwa bado nahangaika na kamba ya buti la pili waliposema Amina.

Na waliacha zawadi. Nani anaenda kumwona mgonjwa mikono mitupu? Waliacha mchele, mafuta, na sukari. Apple Valley nao walikuwa wameacha sukari. Watu wanaochoma vidole vya wagonjwa wa kisukari Jumatatu mpaka Ijumaa, Jumapili wanampelekea mgonjwa wa kisukari sukari, kwa kuwa ziara bila sukari si ziara. Nesi mmoja alikumbuka kazi yake, akavuka kizulia kwa ncha za buti, akampima Mama Nabintu, akaona sukari haijakaa sawa, akatikisa kichwa kwa huzuni. Mfuko wa sukari aliouleta ulikuwa bado kwapani.

Walipotoka nikabaki. Mama Nabintu ananiita yaya, kwao ndivyo wanavyomwita dada mkubwa. Akatazama ile mifuko pale mlangoni, akasema, "Yaya, batu benu ni kama bale ba koli. Banaweka ku mulango, banapiga foto, banaenda."

Koli ndiyo vifurushi. Kweli, ndivyo wafanyavyo wale wenye magari ya vifurushi, wanaweka mlangoni na kupiga picha ya ushahidi. Nilitaka kulitetea kanisa langu. Nikaishia kuipanga ile mifuko.

Wiki ile nilikwenda kwake kila binti yangu alipoweza kunishusha akienda kazini. Nilifanya yote ya Kwamboka. Nilikaa chini, nikatazama dirisha, nikangoja. Alikula vijiko viwili kwa adabu, kama mtu anayemridhisha mpishi, kisha akageuza uso. Nikamwambia asimame tutembee mpaka jikoni. Akaniuliza, kwenda kufanya nini? Na kweli, kila kazi iliyokuwa jikoni nilikuwa nimeshaifanya. Ujuzi wangu wote ukaishia pale. Nikaona kabisa nyumba ya wazee inakuja, na kitanda chake, na karatasi ya kusema akili imepotea.

Nikabakiwa na wazo moja, na halikuwa wazo la kiroho.

Jumapili ya mshumaa wa tatu nilitangulia. Maple Grove wakaja na Mwenyekiti wao, Nyakundi. Mnamjua, mtu wa watu, sauti ya ngoma, gari la viti saba. Anaendesha nyumba mbili za kulelea wagonjwa, na mfanyakazi asipofika anaingia shifti mwenyewe. Sukari wakaweka juu ya sukari ya wenzao, lile rundo likafika kiunoni. Wakajipanga kwenye kizulia. Mwenyekiti akakohoa akaanza.

"Mum, hatutakusumbua sana. Tuko na watu wa shifti hapa. Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone."

Nikamwambia mwenyeji hajapona hata sentimita moja na hawa ni wageni wa tatu. Wavue buti. Mwenyekiti akacheka, akadhani ni utani wa bibi. Nikamwuliza nani atakayekuja kutoa chumvi ya barabara, ile ya kuyeyushia barafu, kwenye zulia la mama huyu, kamati gani? Ninyi mmelelewa vizuri, hamwezi kumkatalia bibi akiwa amesimama na mikono kiunoni, na hao ndio waliowazaa. Wakainama. Zikasikika kamba na mikwaruzo na mguno wa watu wenye vitambi.

Kila buti lililovuliwa nililichukua. Nikayabeba yote nikayatia kwenye beseni la kuogea, eti yakauke, nikafunga mlango wa bafu, nikavuta kiti nikakaa mbele yake.

"Bibi, mimi naingia kazi saa kumi na moja," mmoja akalalamika.

Nikamwambia sasa ni saa nane na nusu, na kazi haijawahi kumkimbia mtu. Akae.

Wakakaa. Wengine kwenye zulia, wengine kwenye mikono ya sofa. Wimbo uliisha, mstari ulisomwa, na hapakuwa na mlango wa kukimbilia. Kikaingia kimya. Wajukuu zangu, hiyo ndiyo ilikuwa tafakari ya kwanza ya Majilio yale, na kamati yake haikuhusika.

Mwenyekiti alikuwa amepata katikati ya sofa. Alifungua mdomo ili aanze hotuba ya pili, nikaona ameusahau mdomo ukiwa wazi. Macho yakazama. Kichwa kikaenda nyuma. Mara akakoroma, na mkoromo wake ulikuwa na sauti ile ile ya hotuba.

Wenziwe wakaona haya. Mmoja akanyoosha mkono amtikise. Mama Nabintu akainua kidole.

"Mumuache. Huyu mutoto anachoka."

Mtoto mwenyewe amepita hamsini. Lakini alichoka kweli. Nikamtazama kwa macho ya kazi, nikaona miguu imevimba, nikaona soksi ya kulia imetoboka na kidole gumba kimetokeza, kinacheza kwa baridi ya dirishani. Mama Nabintu naye alikuwa anakitazama kile kidole. Alikitazama kama mtu anavyotazama chungu kinachotaka kufurika.

"Blanketi yangu iko mu chumba," akasema.

Mwili wangu ukanyanyuka wenyewe. Ndiyo mazoea ya kazi, mzee akitaja kitu miguu inakwenda. Nikawa nimefika nusu, nikaona mikono yake. Alikuwa ameshashika pande mbili za kiti. Nikarudi kukaa nikasema magoti yananiuma, na chumbani kwake sijui kitu kilipo.

Akasimama.

Manesi wote wakaruka kumshika, nikawatolea macho, wakaganda. Akaenda. Alishika mgongo wa kiti, akashika sofa, akafika penye rundo la sukari akaliegemea akapumua, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya maana sukari ile iliyofanya. Wao wakamfuata nyuma na soksi zao, mikono imetandazwa bila kumgusa, kama watu wanaomfuata mtoto anayejifunza kutembea. Kanisani tuna maandamano ya Majilio yenye mishumaa na sare. Sijawahi kuona maandamano kama yale.

Akatoka na blanketi begani. Akamfunika Mwenyekiti, akakichomeka kile kidole ndani kwa makini, akasimama akimtazama.

"Huyu, alikula?"

Walikuwa wamesali naye, wamepanda gari lake, wamesikiliza hotuba zake mwaka mzima, hakuna aliyejua kama amekula. Mama Nabintu akasonya. Akaelekea jikoni kwa kushika ukuta, akaomba kiti kirefu, akakaa hapo akaanza kuamrisha. Huyu atoe sombe, kisamvu cha kwao, kwenye friji, yule achemshe maji, wewe mwenye kucha ndefu ukae mbali na unga. Walioleta mchele waliambiwa mchele ni chakula cha wagonjwa. Ugali, kwao bugali, aliusonga mwenyewe kwa mikono miwili, na nyonga ile ikasahau kama iliwahi kuvunjika.

Mwenyekiti akaamka kwa harufu. Akajiona kwenye blanketi la maua, amezungukwa na jumuiya yake isiyo na viatu, akaona haya mpaka shingoni. Akaanza kushukuru kwa niaba ya Maple Grove. Mama Nabintu akaweka sahani mbele yake.

"Mum, usijisumbue, tutakula tukifika home."

"Na miye nikule na nani?"

Mwenyekiti akaweka blanketi pembeni. Akanawa, akamega. Mama Nabintu akakaa karibu yake akamega na yeye. Mimi nilikuwa bado nalinda bafu langu, natazama mkono wake ukienda kwenye sombe na kurudi mdomoni, na tena, bila kijiko cha mtu.

Espoir alirudi na jaketi la kazini, akakuta nyumba imejaa watu wenye soksi na mama yake amesimama jikoni anamkemea nesi kuhusu chumvi. Alibaki kwenye kizulia, ameshika kitasa. Akanijia, akaniuliza polepole.

"Bibi, nani alimusimamisha mama?"

Nikamwonyesha kidole gumba cha Mwenyekiti.

Nisiwadanganye, siku moja haikumponya. Jumatatu alirudi dirishani. Lakini Jumanne mwanamke mmoja wa Maple Grove, akitoka shifti, alipita kwake na hakuleta kitu. Alisema tu amechoka na nyumbani kuna kelele. Akalishwa, akafunikwa, akalala. Keshoye akaja mwingine. Habari ilienea kimya kimya, jambo ambalo kanisani kwetu halijawahi kutokea. Kufikia mwisho wa wiki sofa ile ilikuwa na zamu, na Mama Nabintu hakuwa na nafasi ya kukaa dirishani, maana mtu wa yeye kumpikia alikuwa hakosekani. Na ukipika, unaonja, na ukionja kwa ajili ya mtu aliyechoka unajikuta umekula. Espoir aliwapigia simu wenye nyumba ile akawaambia wampe mwingine nafasi. Aliwapigia kwa sauti, maji ya bomba yamefungwa.

Jumapili ya nne tukawasha mshumaa wa mwisho pamoja, kwenye buluu yetu iliyokuwa zambarau. Programu ilitaka kila jumuiya isome taarifa ya huduma. Apple Valley walisoma sana. Plymouth tulisoma zaidi, na picha ukutani. Mwenyekiti Nyakundi akasimama. Watu wakajipanga vizuri kwenye viti, kama wafanyavyo akisimama yeye.

"Maple Grove," akasema, "tulienda kwa Mama Nabintu. Tukalala."

Akakaa.

Kutoka benchi la mbele, alikofika kwa miguu yake na mkono wa mwanawe, Mama Nabintu akasema Amina peke yake.

Basi nendeni kazini. Mwangalieni mtu machoni, kaeni chini ya macho yake, msimlishe mkiwa mmesimama. Na msimalize kazi zote za nyumba ya mzee, mwachieni moja. Mimi nami kiti changu cha dirishani kinaningoja, kiko Plymouth kwa binti yangu, nimeshakiona. Siku nitakapokikalia, sukari pelekeni kwingine. Vueni buti, na mje na njaa.